Programu Itazame Wapi? Kuhusu Mahali pa Programu Jalizi Katika Kompyuta

Mfanyabiashara atokaye Burundi au Kongo kuja Mwanza kununua dagaa hahitaji kuuliza njia kwa kila mtu anayekutana naye. Huelekea moja kwa moja Mwaloni Kirumba, kwa kuwa kila aliyemo katika biashara hiyo anajua kwamba ndipo dagaa wa Ziwa Victoria wanapokusanywa. Mchuuzi wa Ukerewe, kwa upande wake, anajua kwamba akiufikisha mzigo wake hapo atapata mnunuzi. Watu hawa wawili hawajapata kuonana wala kuandikiana barua. Hata hivyo hukutana, kwa sababu wote wawili wamekubaliana juu ya jambo moja tu, nalo ni mahali.

Makubaliano ya namna hii ndiyo yanayoziwezesha programu za kompyuta, zilizotungwa na watu wasiojuana, kufanya kazi pamoja. Programu moja huweka kitu mahali fulani, na nyingine huenda kukitafuta pale pale. Mahali ambapo programu hutazama bila ya kuelekezwa na mtu tutapaita katika makala haya mahali pa desturi. Tutachukua mfano wa vivinjari, yaani programu zitumikazo kusoma kurasa za intaneti, na programu jalizi zake. Msomaji ataona kwamba swali hili, ambalo kwa nje linaonekana kuwa dogo mno, ndilo linaloamua kama mwanafunzi atalipata somo lake au atakosa, na kama kompyuta ya shule itakuwa salama au itakuwa mlango wazi.

Programu jalizi ni nini?

Kivinjari cha mwanzo kilikuwa na uwezo wa kuonyesha maandishi na picha tu. Kilipokutana na kitu kingine, kama vile filamu au mchoro unaotembea, hakikujua la kufanya. Mwaka 1996 kampuni ya Netscape ilitoa kivinjari chake cha Navigator 2.0 kikiwa na mpango mpya: watungaji wengine waliruhusiwa kuandika vipande vidogo vya programu ambavyo vingejalizia pale kivinjari kilipopungukiwa. Vipande hivyo ndivyo programu jalizi. Mashuhuri kati yao vilikuwa Flash, kilichoonyesha michoro na filamu, na kile cha Java, kilichoendesha programu ndogo ndogo ndani ya ukurasa.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Ukurasa wa intaneti huja na maelezo ya aina ya kitu kilichomo ndani yake. Kivinjari hutazama katika orodha ya programu jalizi ilizonazo kompyuta, na kuuliza ni ipi iliyotangaza kwamba inaiweza aina hiyo. Ikipatikana, hupewa kazi. Isipopatikana, msomaji huona kisanduku kitupu katikati ya ukurasa.

Lakini kabla ya kivinjari kuwa na orodha hiyo, lazima kwanza kizione programu jalizi zenyewe. Hapo ndipo linapozuka swali letu: kizitafute wapi?

Njia nne za kutafuta

Katika historia ya vivinjari zimetumika njia nne, na kila moja ina faida yake na kasoro yake.

Njia ya kwanza ni folda ya kivinjari chenyewe. Kivinjari kikiwekwa katika kompyuta huja na folda ndogo, na hutazama humo tu. Njia hii ni nyepesi kueleweka. Kasoro yake huonekana pale kompyuta inapokuwa na vivinjari viwili au vitatu. Programu jalizi iliyowekwa katika folda ya kimoja haionekani na kingine. Zaidi ya hayo, kivinjari kikiondolewa ili kuweka toleo jipya, folda yake huweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo.

Njia ya pili ni folda ya pamoja ya kompyuta nzima, ambayo vivinjari vyote hukubaliana kuitazama. Katika mfumo wa Linux folda hiyo kwa kawaida ilikuwa /usr/lib/mozilla/plugins, na katika kompyuta za Apple ilikuwa /Library/Internet Plug-Ins. Anayeruhusiwa kuweka kitu humo ni msimamizi wa kompyuta peke yake. Kitu kikiwekwa mara moja, huwafaa watumiaji wote.

Njia ya tatu ni folda ya mtumiaji binafsi, iliyomo katika makazi yake ndani ya kompyuta. Katika Linux ilikuwa folda ya .mozilla/plugins. Mtumiaji huweka humo apendacho bila ya kuomba ruhusa ya msimamizi, na akiwekacho hakiwagusi wengine.

Njia ya nne si folda bali ni daftari. Katika mfumo wa Windows kuna daftari kuu ambamo programu huandikisha habari zake. Aliyetunga programu jalizi aliweza kuiweka popote katika diski, kisha akaandika anwani yake katika sehemu ya daftari iliyoitwa MozillaPlugins. Kivinjari husoma daftari, kisha huenda kwenye anwani hiyo.

Kwa muda mrefu njia hizi zilitumika kwa kuchanganywa, na mchanganyiko huo uliwasumbua watu wengi. Mtumiaji wa Linux aliyetaka Java katika kivinjari chake alikuwa akiiweka Java yenyewe mahali pamoja, kisha akalazimika kuunda kwa mkono wake kiungo katika folda ya programu jalizi, ili kivinjari kiione. Asiyejua siri hiyo aliamini kwamba Java ni mbovu, kumbe ilikuwa nzima na imetulia mahali ambapo hakuna aliyekwenda kuitazama. Tatizo jingine lilikuwa la ukubwa wa neno la kompyuta. Kivinjari cha biti 64 hakiwezi kuipakia programu jalizi ya biti 32, na kwa hiyo baadhi ya matoleo ya Linux yalitenga folda mbili, lib na lib64. Kitu kilichowekwa katika folda isiyo yake kilikuwa kama hakipo.

Kwa ajili ya kupunguza mkanganyiko wa namna hii, wataalamu wa Linux walitoa mwaka 1994 kanuni ya pamoja inayoeleza kila aina ya faili likae wapi. Kanuni hiyo iliendelea kurekebishwa, na toleo lake la 3.0 lilitolewa mwaka 2015. Si kanuni ya hesabu wala ya fizikia. Ni makubaliano tu, kama yale ya Kirumba, lakini bila ya makubaliano hayo kila mtunzi angekuwa na mwalo wake.

Kutazama ni kuendesha

Hapa yatupasa kueleza jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mtu akitazama kabatini, kitendo cha kutazama hakibadili kitu. Katika kompyuta mambo huweza kuwa kinyume. Vivinjari vya jamii ya Mozilla katika Linux, ili vijue tu kwamba programu jalizi fulani inaweza kazi gani, vililazimika kuipakia katika kumbukumbu na kuiuliza. Kuipakia maana yake ni kuyaruhusu maagizo yaliyomo ndani yake yatekelezwe. Kwa hiyo kivinjari kinapotazama katika folda, kinatangaza kwamba kinamwamini yeyote awezaye kuweka faili katika folda hiyo.

Wakazi wa kandokando ya ziwa wanaielewa maana ya kuamini mahali. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria wasiingie katika masoko yake, kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumiwa na baadhi ya wavuvi. Zuio hilo liliwapata hata wale ambao hawakupata kugusa sumu maisha yao yote. Mnunuzi aliye mbali hawezi kumchunguza kila mvuvi. Anachoweza ni kuuliza samaki huyu ameshushwa mwalo gani, na nani aliyemkagua hapo. Vivyo hivyo kivinjari hakiwezi kuzisoma nia za watunzi. Kinachoweza ni kuchagua mialo ya kuiamini.

Tatizo kubwa kabisa hutokea pale programu inapotazama hapo hapo ilipo, yaani katika folda ambayo mtumiaji anaifanyia kazi wakati huo. Tuchukue maabara ya kompyuta ya shule ya sekondari yenye kompyuta chache na wanafunzi wengi, ambamo flashi hupita kutoka mkono hadi mkono. Mwanafunzi anafungua waraka uliomo katika flashi. Folda ya kazi sasa ni ile ya flashi. Programu inayosoma waraka ikihitaji kipande chake fulani, na ikaanza kukitafuta humo, itapakia chochote chenye jina hilo kilichowekwa pembeni ya waraka. Mwanafunzi amefungua waraka tu, lakini kompyuta imeendesha maagizo ya mtu asiyejulikana.

Hatari hii si ya kubuni. Katika Windows XP, kampuni ya Microsoft ilibadili utaratibu wake kwa toleo la nyongeza la mwaka 2004, ikaisogeza folda ya kazi nyuma ya folda za mfumo katika mpangilio wa kutafuta. Hata hivyo, Agosti 2010 ililazimika kutoa tangazo la tahadhari, baada ya kubainika kwamba programu nyingi za watunzi mbalimbali zilikuwa bado zinaweza kudanganywa kwa njia hiyo. Kuisogeza nyuma hakukutosha, kwa sababu kipande kisipopatikana kwingineko, msako hatimaye huifikia folda ya kazi.

Hoja ya asiye na ufunguo

Baada ya kusikia haya, msomaji huenda akahitimisha kwamba dawa ni moja: kivinjari kitazame katika folda ya pamoja tu, ile yenye kufungwa na msimamizi, na penginepo pote pasahauliwe. Hoja hii ina nguvu, lakini haijatimia.

Tukumbuke hali halisi ya shule zetu. Aghalabu aliyeziweka kompyuta alikuja mara moja, akaweka neno la siri, akaondoka. Mwalimu wa fizikia au wa Kiswahili aliyebaki nazo si msimamizi. Folda ya pamoja kwake ni mlango uliofungwa na ufunguo haupo. Tukiifuta folda ya mtumiaji binafsi, tunamnyima mwalimu huyo uwezo wa kuongeza hata kitu kisicho na madhara ambacho somo lake linakihitaji.

Tuchukue mfano wa kamusi ya tahajia, yaani orodha ya maneno inayomwezesha mwandishi kuonyeshwa makosa yake ya maandishi. Vivinjari vya Firefox na Chrome, pamoja na programu ya ofisi ya LibreOffice, hutumia mfumo uitwao Hunspell, ambao ulitungwa kwanza kwa ajili ya Kihungaria. Kama Kiswahili, Kihungaria ni lugha inayojenga maneno kwa kuambatisha viambishi. Kwa hiyo mfumo huu hutumia mafaili mawili: moja la maneno, na jingine la kanuni za viambishi. Ipo kamusi ya Kiswahili ya namna hiyo, na mafaili yake huitwa sw_TZ.dic na sw_TZ.aff. Herufi sw ni lugha, na TZ ni nchi.

Kazi ya kuipatia lugha yetu zana kama hizi ilianza zamani kidogo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Lakini jasho lote la watafsiri na wakusanyaji wa maneno linaweza kupotea kwa sababu ya jambo la mahali. Kamusi ikiwekwa katika folda ambayo programu haitazami, au jina lake likikosewa herufi moja, kila neno la Kiswahili litapigiwa mstari mwekundu, kana kwamba ukurasa mzima ni makosa. Mwanafunzi anayeona hivyo kila siku hujifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyelikusudia: kwamba kompyuta si mahali pa lugha yake.

Kwa hiyo folda ya mtumiaji binafsi si uzembe wa watunzi. Ni haki ya mtu asiye na ufunguo. Swali ni namna ya kuilinda haki hiyo bila ya kufungua mlango kwa adui.

Kanuni zinazopendekezwa

Kutokana na yaliyoelezwa, tunaweza kukusanya kanuni tano juu ya mahali pa desturi.

1. Mahali pawe pamoja na pajulikane. Vivinjari vyote vya kompyuta moja vitazame folda ile ile, na anwani yake iandikwe waziwazi katika maelezo ya programu.

2. Folda ya msimamizi itangulie. Kitu chenye jina moja kikipatikana katika folda ya pamoja na katika folda ya mtumiaji, kile cha folda ya pamoja kishike nafasi, ili kisiweze kufunikwa kwa siri na kingine.

3. Folda ya mtumiaji iwepo, lakini kivinjari kimwulize mtumiaji kabla ya kukitumia kitu kipya kilichoonekana humo. Mwenye nyumba asipojua kuwa mgeni ameingia, hapo pana mashaka.

4. Folda ya kazi, flashi, na folda ya mafaili yaliyopakuliwa zisitazamwe kamwe bila ya amri ya wazi.

5. Utafutaji usiwe utekelezaji. Kivinjari kisome kwanza maelezo yaliyoandikwa pembeni ya programu jalizi, na kisiipakie mpaka ihitajike.

Yaliyotokea baadaye

Watunzi wa vivinjari walijifunza masomo haya kwa gharama, na hatimaye wakachagua kuuvunja mpango wa zamani. Chrome kiliacha kabisa kupokea programu jalizi za mtindo wa Netscape Septemba 2015. Firefox kilifuata Machi 2017, kikabakiza Flash peke yake. Kampuni ya Adobe iliacha kuitunza Flash tarehe 31 Desemba 2020, na Januari 2021 Firefox toleo la 85 likaifuta kabisa.

Uamuzi huo uliongeza usalama, lakini uliwaacha walimu na hasara. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2001, ulikuwa umetunga majaribio mengi ya fizikia na kemia ya kuonyeshwa kwa kompyuta. Mengi kati yake yalitumia Java na Flash. Ilibidi yaandikwe upya, moja baada ya jingine, kwa lugha ambayo kivinjari huielewa chenyewe bila ya kujaliziwa. Shule yenye nakala za zamani katika diski zake hukuta visanduku vitupu.

Hata hivyo swali letu halikufa pamoja na Flash. Vivinjari vya sasa hutumia viendelezi, ambavyo ni vipande vilivyoandikwa kwa lugha za kurasa zenyewe na hufanya kazi ndani ya mipaka iliyowekwa. Navyo pia lazima vitoke mahali fulani. Mwaka 2014 Chrome katika Windows kilianza kukataa viendelezi visivyotoka katika duka lake. Mwaka 2016 Firefox kilifanya kuwa lazima kwamba kila kiendelezi kiwe na sahihi ya Mozilla, na Machi 2020 kikazizuia programu nyingine zisiweke viendelezi ndani yake kwa siri. Hapo pana badiliko kubwa la fikra. Zamani imani ilitegemea mahali faili lilipo. Siku hizi hutegemea pia sahihi iliyo juu yake, kama vile mnunuzi anayetazama mwalo na muhuri wa mkaguzi pia.

Hata folda za pamoja bado zipo. Msimamizi wa maabara inayotumia Linux anaweza kuandika masharti yake katika faili la /etc/firefox/policies/policies.json, na Firefox kitalisoma kila kinapoanza. Kwa faili hilo moja huweza kuamua viendelezi gani viwepo na vipi vikatazwe. Shule isiyo na fedha ya kununua programu za ulinzi haikosi uwezo wa kuandika faili moja.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa dakika 10, katika kompyuta yenye Windows, bila ya intaneti.

Kwanza, tengeneza folda mpya katika nyaraka zako. Fungua programu ya Notepad, andika mstari mmoja huu: @echo Mimi si kikokotoo. Lihifadhi faili katika folda hiyo kwa jina calc.bat, ukihakikisha kwamba halikuongezewa .txt mwishoni.

Pili, ukiwa ndani ya folda hiyo, andika cmd katika mstari wa anwani wa juu na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Dirisha la amri litafunguka. Andika calc. Badala ya kikokotoo, utaona maneno uliyoyaandika.

Tatu, andika cd .. ili utoke katika folda hiyo, kisha andika tena calc. Safari hii kikokotoo kitafunguka. Amri ni ile ile na kompyuta ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali uliposimama, kwa kuwa dirisha hili la amri hutazama kwanza hapo lilipo.

Nne, andika set NoDefaultCurrentDirectoryInExePath=1, rudi katika folda yako, na ujaribu tena. Kikokotoo kitafunguka, maana sasa umelikataza dirisha lisitazame miguuni pake.

Wanafunzi waulizwe: kama badala ya maneno yale yasiyo na madhara, faili hilo lingekuwa na amri ya kufuta mafaili, na likawekwa katika flashi ya mtu, nani angelaumiwa? Aliyeandika faili, aliyeazima flashi, au aliyeamua kwamba kompyuta itazame hapo kwanza?

Mwandishi wa makala haya huwa na jibu lake. Wote watatu wana sehemu yao, lakini wa tatu ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuwakinga mamilioni ya watu kwa uamuzi mmoja. Watu wengi hawatabadili kamwe kile walichokikuta katika kompyuta zao. Kwa hiyo anayechagua mahali pa desturi huwachagulia watu ambao hatawaona, walio Ukerewe, Sengerema na Musoma, na ambao hawatajua kwamba aliwachagulia. Baadhi ya wanafunzi wanaosoma ukurasa huu watakuwa watunzi wa programu. Wakifika hapo, waikumbuke folda ya calc.bat.